Siku Mbili Gari Uwanjani

Mlinipokea vizuri. Wenzangu wa dukani, majirani wa Kibokoni, waimbaji wenzangu wa kanisani, kila mmoja aliniuliza, "Habari za mlimani?" nami nikajibu njema, nikawagawia ndizi nilizorudi nazo, nikacheka panapochekwa. Mkaenda zenu mmeridhika. Sasa mwezi umepita na maswali hayaishi: mbona sili, mbona nimeacha kwaya, mbona naita wateja majina yasiyo yao. Jirani yangu wa nyumba ya pili amekwisha amua kwamba nimerogwa huko juu. Sikurogwa. Naandika mara moja tu, kila mtu ajisomee, na baada ya hapo naomba msiniulize tena.

Mwanijua, lakini karatasi ina miguu na huenda ikafika kwa asiyenijua. Naitwa Kadzo. Nauza kanga Biashara Street, Mombasa, kazi niliyoifanya tangu nikiwa msichana. Kwetu ni Rabai, ila nililelewa Kibokoni, kwa sababu mama yangu alikuwa mpishi katika nyumba ya Bi Zuhura, Mungu amrehemu. Nilikulia jikoni mwake. Bi Zuhura hakuwahi kunibagua kwa Ukristo wangu. Kitu kimoja tu alikishikilia, nacho alinifunza mimi pamoja na mwanawe Twalib, mara nyingine kwa kofi. Ukiingia nyumba ya mtu, macho yako yaishie kwenye pazia. Ulichokisikia nyuma ya pazia hukukisikia. Mwenye shida akitaka uijue atakwambia mwenyewe, na asipokwambia, kumuuliza ni kumvua nguo.

Nimeishi kwa adabu hiyo miaka arubaini na sita, na nilijivunia.

Kibokoni hadi Mariakani

Safari ilikuwa ya injili, kwenda vijiji vya juu kabisa katika milima ya Taita, mahali ambapo mhubiri hufika mara moja kwa mwaka, na mwaka mwingine hafiki. Tulikuwa watano. Kiongozi alikuwa Mwinjilisti Kazungu, mtu wa sauti kubwa na moyo mwepesi, ambaye hajui kunong'ona hata msibani. Walikuwamo vijana wawili wa kwaya, ambao sitawataja tena kwa kuwa hawakukosa kitu. Nilikuwamo mimi na cherehani yangu ya mkono, nikafundishe wanawake kushona. Na dereva alikuwa Twalib, yule yule mwana wa Bi Zuhura. Wako waliouliza inakuwaje Mwislamu awapeleke Wakristo kuhubiri. Twalib aliwajibu, "Mimi naendesha gari. Kuhubiri wahubiri wao."

Tulipatana tuondoke Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi. Saa mbili tulikuwa bado tupo Kibokoni. Kulikuwa na harusi mtaani, na mkokoteni uliobeba samadari ya bibi harusi ulikwama kwenye kona ya uchochoro, kitanda kimelala ubavu, miguu imeshika ukuta wa huku na ubao wa kichwani umeshika ukuta wa huko. Gari la Twalib lilikuwa nyuma yake. Kila mpita njia alikuwa fundi. Huyu asema inueni, huyu asema laleni chini mvute, na mama wa bibi harusi yuko dirishani asema atakayekwaruza mninga ule atamjua yeye ni nani. Twalib akazima gari akaagiza kahawa. Tulicheka sana asubuhi ile. Nakumbuka nilivyocheka, nikimsaidia yule mama kuwatukana wapagazi.

Mariakani tukakuta lori la saruji limelala katikati ya barabara na magari yamepanga foleni mpaka macho yanachoka. Tukakaa saa tatu. Nilikuwa nimepika mahamri na mbaazi za nazi, tukala kando ya barabara, tukawapa na matingo wa malori, na Mwinjilisti akapata wasikilizaji wake wa kwanza, watu wasioweza kumkimbia. Simu yake ikalia. Alikuwa Mzee Mwakio, mzee wa kanisa wa kule tuendako, akiuliza tumefika wapi.

"Mariakani, mzee wangu. Kuna ajali, lakini twaja."

Baada ya saa moja akapiga tena. Mmefika wapi? Mwinjilisti akafunika simu kwa kiganja akatutazama kwa furaha. "Mnaona watu walivyo na njaa ya neno?" akasema.

Mariakani hadi Mwatate

Voi tuliipita alasiri, na mvua ikatupokea hapo. Tulipofika Mwatate, kwenye nyumba ya muumini mmoja ambapo tulikuwa tupumzike kidogo tu, tukakuta mbuzi amekwisha chinjwa. Mwenyeji wetu alikuwa ametandika magodoro, amewaita na majirani. Twalib akatoka nje akatazama milima, akarudi akaniambia, "Yua bado lipo. Tukipanda sasa twafika. Tukilala, hini mvua yatuharibia ndiya."

Nikampelekea Mwinjilisti maneno hayo. Mwinjilisti akamtazama mwenyeji, akautazama mchuzi unaotokota, akasema, "Dada Kadzo, mtu amechinja. Utamwambiaje?"

Kwa kweli sikujua nitamwambiaje. Nani kati yenu angemwambia? Tukavua viatu. Mzee Mwakio akapiga simu mara ya tatu, sauti inakatikakatika kwa kukosa mtandao, na Mwinjilisti akampigia kelele kwamba tutafika kesho, Mungu akipenda. Mzee akasema, "Haya. Mungu akipenda."

Usingizi ulikuwa mtamu. Hilo nalo nimelibeba kifuani.

Kupanda

Jina la kijiji sitalitaja, wenyewe wastirike. Ni cha mwisho. Ukikipita hicho kuna msitu, na baada ya msitu kuna ukungu. Sisi watu wa kisiwani tunaita baridi ule upepo wa Julai unaotufanya tuvae sweta kwa madaha. Kule baridi inaingia mifupani na kukaa. Barabara ilikuwa tope jekundu upande mmoja na bonde upande wa pili, na Twalib aliacha kuzungumza kabisa, akawa anasoma dua zake kwa midomo tu. Mara mbili tulishuka tukasukuma. Mara ya tatu hatukuweza, gari likazama mpaka ekseli, na hapo ndipo wakatokea watu kutoka ndani ya ukungu, wanaume kama kumi, wana makoleo na magunia na matawi, kana kwamba walikuwa wametungojea pale pale.

Walikuwa wametungojea. Waliamka alfajiri wakashuka kututafuta.

Mzee Mwakio ndiye aliyetangulia, mrefu, mkavu, kofia ya sufu kichwani, tope mpaka mapajani. Aliweka mkono juu ya boneti ya gari, akauacha pale, akasema, "Hili ndilo gari la kwanza tangu mvua ianze. Mungu amelileta."

"Amina, ametuleta," Mwinjilisti akaitikia.

Karibu watubebe sisi pamoja na gari letu. Tulifika Jumanne saa sita mchana. Wanawake walikuwa wamejipanga uwanjani wakiimba, na mmoja wao, mama mnene wa makamo, macho mekundu ambayo niliyadhania ni ya moshi, akaja akanishika mikono yote miwili. Huyo alikuwa Mama Mghoi, dada yake Mzee Mwakio, nami ndiye ningelala kwake.

"Karibuni sana," akasema. "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Mimi, kwa mazoea ya mdomo, nikamjibu, "Tumekwisha kuja, mama."

Kisha Mzee Mwakio akaomba kimya. Alivua kofia. Alimwelekea Mwinjilisti, akajikohoza, akaanza, "Wageni wetu, kabla hamjaketi, na kwa kuwa mna gari..." Lakini Mwinjilisti alidhani mzee anaanza hotuba ya makaribisho, na yeye hotuba ya mtu mwingine humwasha mwilini. Akamshika bega akasema kwa ile sauti yake, "Mzee wangu, usiwe na wasiwasi. Hatukuja kuchungulia tukaondoka kama wale wa mwaka juzi. Sisi na gari hili hatutikisiki hapa mpaka Alhamisi. Shetani amejaribu kutuzuia njiani na ameshindwa. Mpaka kazi ya Mungu iishe, tairi halizunguki."

Watu wakapiga makofi. Mzee Mwakio akabaki na kofia mkononi. Akamtazama dada yake, dada yake akatazama chini. Akavaa kofia.

Nililiona hilo kwa macho yangu. Nikafikiri, maskini, amenyimwa hotuba yake.

Siku mbili

Sasa nakuja mahali pazito, na nitapaeleza taratibu.

Nyumba ya Mama Mghoi ilikuwa ya vyumba vitatu. Cha mbele tulikula, cha kulia nilipewa mimi, na cha nyuma mlango wake ulikuwa na pazia la kanga. Chakula kilikuwa kimanga, maharage yaliyopondwa pamoja na mihogo na ndizi mbichi, chakula kizito chenye heshima, kimetengenezwa kilima kizima. Na kwa ajili ya Twalib walikuwa wameweka jogoo hai amefungwa mguu kwenye mti. Mama Mghoi akamkabidhi kisu kwa mikono miwili.

"Tuliambiwa mnaye Mwislamu," akasema. "Tukamwachia achinje mwenyewe, asile kwa mashaka."

Twalib, ambaye Mombasa hasifii chakula cha mtu ila cha marehemu mamake, alinong'ona, "Hawa watu wana adabu kutushinda."

Alasiri akaomba mahali pa kuswali. Mama Mghoi akamtandikia mkeka safi nyuma ya nyumba, chini ya dirisha dogo la kile chumba. Alipomaliza alinifuata nilipokuwa naosha mikono kwenye pipa.

"Kadzo, mle ndani mna mgonjwa."

"Umeyuaye?"

"Nimemsikia. Apiga kite. Si kidogo."

Nikatazama huku na huko, hakuna aliyesikia. "Twalib," nikamwambia, "wangetaka tuyue wangetwambia. Wewe mgeni hapa, tena mwanamume. Usije ukatutia aibu."

Akaniangalia. Sote wawili tulilelewa na mwanamke mmoja. Akasema, "Kweli," akaenda kufuta tope kwenye gari lake.

Jioni ile ile, kabla ya ibada, nilibaki peke yangu chumba cha mbele. Mama Mghoi alikuwa jikoni nje. Na hapo nikasikia mwenyewe. Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa ile ya mtu aliyeuma nguo ili asisikike. Nikasimama nikaenda mpaka kwenye pazia. Lilikuwa toleo la zamani, la rangi ya chungwa lenye pindo la korosho, mimi mwenyewe niliwahi kuliuza marobota kwa marobota. Nikaushika upindo, kama ninavyoshika kitambaa chochote, nikausugua kwa vidole. Mkono ulikuwa umekwisha lifungua pazia kiasi cha upana wa kiganja. Niliona mguu wa kitanda na ndoo.

Mama Mghoi akaingia na sufuria. Akasimama. Tukatazamana, mimi na pazia lake mkononi.

Nikasema, "Kanga nzuri hii, mama. Hazitoki tena siku hizi."

Kitu kilipita usoni mwake. Wakati ule nilidhani ni fadhaa ya mtu aliyechunguliwa, nikajilaumu kwa utovu wa adabu. Sasa najua kilikuwa kitu gani. Alikuwa amefungua kinywa. Alingoja. Neno moja tu kutoka kwangu, "Mna nani huku?", na angelisema lote. Nami nikaliachia pazia, nikalinyoosha lisionekane limeguswa.

"Alinunua binti yangu," akasema. "Mghoi. Ni mwalimu wa chekechea hapa."

"Mashallah," nikasema, kwa kukulia Kibokoni. "Mungu amkuze."

Katika ibada Mwinjilisti aliwaita wagonjwa mbele. Walikuja wa macho, wa magoti, wa kifua. Mama Mghoi naye akaja akapiga magoti. Alipoulizwa aombewe nini, akasema, "Nyumba yangu." Mwinjilisti akamwekea mikono akaiombea nyumba yake kwa nguvu zote, paa, kuta, mashamba na uzao. Alitokwa na jasho kwenye baridi ile. Sisemi aliomba kwa uongo. Aliomba kwa kweli kabisa, ila hakuuliza.

Siku ya pili, Jumatano, chumba cha nyuma kilikuwa kimya. Niliweka sikio bila kutaka na sikusikia kite. Mama Mghoi aliamka uso umenyooka, akaimba akikoroga uji, na mchana nilipokuwa nawafundisha wanawake kupinda pindo, yeye ndiye aliyecheka kuliko wote nyuzi zilipomkatikia. Jioni akasimama mbele ya watu wote akatoa ushuhuda. "Jana niliiombea nyumba yangu," akasema, "na leo nyumba yangu imepata nafuu. Imelala usingizi bila maumivu." Watu wakapiga vigelegele. Mwinjilisti alilia. Mimi nikamwendea Twalib garini nikamwambia, kwa ushindi, "Waona? Yamekwisha. Nasi hatukumwaibisha mtu."

Twalib akasema, "Alhamdulillahi." Lakini aliliangalia lile dirisha dogo.

Baadaye daktari alinieleza kuhusu kimya kile. Kidole tumbo kikijaa usaha, maumivu huwa makali. Kikipasuka, maumivu hupoa kwa muda, mgonjwa hulala, na watu humshukuru Mungu.

Kushuka

Alhamisi asubuhi tulipakia gari. Chai ilikuwa imekwisha nyweka, sala ya kuagana imekwisha ombwa. Ndipo Mama Mghoi akaja uwanjani akapiga magoti topeni mbele ya Mwinjilisti, na nyuma yake Mzee Mwakio, kofia mkononi tena.

"Mtumishi," akasema, "sasa kazi ya Mungu imeisha. Naomba nafasi moja garini mpaka hospitali. Mtoto wangu amezidiwa."

 Nadhani sote tulikuwa tunalitafuta hilo neno "amezidiwa" lilianzia wapi. Mimi sikuhitaji kulitafuta. Nilikimbia ndani nikalifungua pazia bila hodi.

Alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, amesukwa nywele vizuri kwa ajili ya wageni. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Ngozi ilikuwa ya majivu na baridi, na macho yalinitazama kwa aibu, kana kwamba amekutwa hajafagia. Akasema, "Samahani, dada. Nimewasumbua." Hayo ndiyo aliyoniambia.

Tukamlaza kiti cha nyuma, kichwa chake mapajani mwangu, mama yake miguuni. Cherehani yangu, vyombo vya kwaya, kila kitu tulikitupa uwanjani. Twalib aliiteremka ile barabara kwa namna ambayo sitaki kuikumbuka. Ni njiani humo Mzee Mwakio, aliyebanana mbele na Mwinjilisti, alipoeleza. Alieleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni mila.

Tumbo lilimshika Jumapili jioni. Piki piki hazikuweza kupanda kwa utelezi, na yeye asingeweza kukalia piki piki. Walikuwa wamekwisha tengeneza machela, wamewapanga na wanaume wanane, wamshushe kwa miguu Jumatatu alfajiri. Kisha wakakumbuka kwamba Jumatatu hiyo hiyo wageni wa Mombasa wanakuja na gari. Wakasema, kwa nini tumtikise mtoto saa nne nzima kwenye machela na gari linakuja? Wakangoja. Jumatatu ikapita. Jumanne wakashuka kututoa topeni.

"Na tulipofika?" Mwinjilisti akauliza. Mara ya kwanza nilimsikia akinong'ona. "Tulipofika, mzee, kwa nini hamkusema?"

"Kwetu mgeni hatwishwi shida hajala," Mzee Mwakio akasema. "Hata hivyo nilianza kusema. Ukasema gari halitikisiki mpaka kazi ya Mungu iishe. Nikajua umekataa. Nani atashindana na kazi ya Mungu? Tukasema tungoje imalizike. Halafu jana akapata nafuu."

Mama Mghoi akaongeza, bila kunilaumu, akinitazama mimi, "Na mlimsikia. Nilijua mmemsikia. Nikasema, wageni wamesikia na wamenyamaza, basi wana sababu yao."

Twalib akapiga usukani kwa kiganja mara moja, akaendelea kuendesha.

Kona ya tatu kabla ya barabara ya lami, uzito wa kichwa mapajani mwangu ulibadilika. Sikumwambia mtu. Nilikijua kilichotokea, nikakaa nacho kilomita zote zile mpaka hospitali, namfuta paji la uso kwa kanga, kwa sababu mama yake alikuwa anamkanda miguu na kumwambia, "Tumekaribia, mwanangu, tumekaribia," nami sikuwa na kinywa cha kumnyamazisha. Hata hapo nilinyamaza, mnaona. Nimefunzwa vizuri.

Daktari alikuwa kijana, amechoka. Alimfunika, akavua glavu, akauliza, "Nani amekaa naye siku zote hizi? Juzi huyu angepona." Aliuliza tu, kama anayejaza fomu, wala hakuinua sauti. Mwinjilisti akatoka akaenda nyuma ya jengo, na nilimsikia akilia kutoka kule nilikokuwa.

Kilichoniua mimi ni Mama Mghoi. Alipomaliza kulia kilio cha kwanza, alifunga kitambaa chake, akaja akatushukuru mmoja mmoja. Alimshukuru Twalib kwa kuendesha vizuri. Aliniomba radhi kwamba nguo yangu imechafuka. Kisha akasema, "Mtusamehe. Tumewaharibia safari yenu siku ya mwisho."

Kisiwani

Tukarudi Mombasa. Barabara ilikuwa nyeupe, hakuna lori lililoanguka, hakuna kitanda kilichokwama, tukafika Kibokoni kabla ya magharibi kana kwamba milima ipo hapo Nyali. Twalib alisimamisha gari nje ya nyumba ya mamake akakaa ndani yake.

"Mimi nilisikia kwanza," akasema.

"Nami nikakwambia unyamaze."

"Nami nikanyamaza." Akatoa ufunguo. "Mama alitufunza ili watu wasione haya, Kadzo. Sasa haya tumemtilia nani?"

Mpaka leo tukipishana Biashara Street tunasalimiana kwa mkono, tunaulizana watoto, na kila mmoja anakwenda zake.

Jumapili Mwinjilisti alitoa taarifa kanisani. Alitaja roho zilizookoka, akataja barabara mbaya, akasema pia kwamba dada mmoja mpendwa alitwaliwa na Bwana. Sauti ilimkatika hapo, akaketi kabla ya wakati. Watu walidhani ni uchovu. Sikumchukia. Mwinjilisti hakuuliza kwa kuwa hakujua kuna la kuuliza. Mimi nilijua. Nilikuwa na pazia mkononi, na mama wa mtoto amesimama mbele yangu kinywa wazi, nami nikamsifia kanga.

Wiki iliyopita kulitoka mzigo kwenye basi la Voi. Ulikuwa mfuko wa maharage, cherehani yangu imesafishwa na kutiwa mafuta, na ile kanga ya rangi ya chungwa imefuliwa na kukunjwa vizuri. Mama Mghoi alikuwa amekumbuka kwamba niliipenda.

Ilinichukua siku mbili kupata ujasiri. Nilikwenda chumba cha nyuma cha duka, nikaketi juu ya marobota, nikapiga simu. Aliipokea mwenyewe. Nilisikia kuku na upepo wa kule.

"Mama, shikamoo. Habari za huko?"

"Marahaba, mwanangu. Njema."

Nilikuwa nimejiapiza. Safari hii sitaishia kwenye jibu la kwanza. Nikakaza moyo, nikauliza mara ya pili, pole pole, "Mama, nambie kweli. Habari za huko?"

 Nikasikia akivuta pumzi, na nikajua yuko pale pale mlangoni, sufuria mkononi. Kisha akasema kwa ile ile sauti ya kumkaribisha mgeni, "Njema tu. Mvua imeacha. Barabara imetengenezwa." Na akaongeza haraka, nisije nikauliza tena, "Na wewe je, mwanangu, habari za nyumbani?"

Nikamjibu, njema.